Kwa Nini Makro Yetu Inaandika "Hapa Mikono"

Kwa wenzangu wadogo wa ofisi ya mafunzo, Kasongo.

Namshukuru Mungu aliyenifikisha siku ya kufunga droo yangu na kurudisha ufunguo nikiwa na macho ambayo bado yanasoma. Sasa niko nyumbani. Nina matuta ya mboga za lengalenga nyuma ya jiko, na ninaswali adhuhuri kwa wakati wake, jambo ambalo mikutano yetu haikuniachia kila siku. Nilidhani nimeachana na ordinateri, hizo kompyuta zenu, kwa heri. Kisha mmoja wenu akanitumia ujumbe kwenye simu:

"Muzee Sumaili, jambo sana. Ndani ya ile makro ya kutoa maelezo ya diapo za projekta iko mustari moja hatuelewi. Kila diapo yenye haina maelezo, inaandika HAPA MIKONO. NYAMAZENI. Juzi imeandika vile chini ya diapo ya mwisho, ya Merci de votre attention, wageni wakacheka sana. Tuifute?"

Nilianza kujibu kwa kidole kimoja, nikaacha. Mstari huo una wenyewe, na habari zao haziingii kwenye simu. Msiufute kwanza. Someni hii.

Nilipokuja ofisini nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na koti la kuazima. Mwandiko niliupata chuo cha Kurani, kwa maalim wangu, ambako tuliandika kwenye ubao, tukasoma, tukauosha na kuandika tena. Vitabu vya maalim vilikuwa na maneno makubwa katikati ya ukurasa, na maelezo madogo yamezunguka pembeni, mengine yamepinda yakapanda juu kama mmea. Alikuwa akisoma mstari mmoja wa katikati, kisha anakaa pembeni asubuhi nzima. Nilikua nikiamini kwamba elimu yenyewe iko pale pembeni, na miaka yote ya kazi haijanibadilisha.

Aliyenipokea ofisini ni Papa Kalonda, katibu, mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, mtu ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na sauti ya besi. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya stensili niichape kwa mashine ya taipu. Nilitaka aone kwamba sipotezi mali ya ofisi, nikaijaza kutoka ukingo hadi ukingo. Akaiinua kwenye dirisha.

"Sumaili, huyu mwenye kusoma atashika wapi?"

"Hapa kwa pembeni, Papa."

"Na akitaka kuongeza neno lake?"

Nikainama kuitafuta nafasi kwenye karatasi; haikuwepo.

"Karatasi haiko shamba, mutoto wangu. Usilime mpaka kwa jirani."

Nikachapa upya. Tangu siku ile sijawahi kuchapa ukurasa usio na ukingo mpana, na kama mliwahi kunung'unika kwamba ripoti za Papa Sumaili zinakula karatasi, sasa mnajua wa kumlaumu. Amekwisha kutangulia, Mungu ampe nuru, kwa hiyo laumuni kwa adabu.

Mashine ya taipu ilizeeka, Papa Kalonda akastaafu, ikaja ordinateri ya kwanza. Mke wangu aliishonea kifuniko cha kitenge kwa sababu ya vumbi, na kwa muda mrefu ndicho kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote ofisini. Baadaye zikaja sahani za umeme wa jua juu ya paa, kisha projekta, na pamoja na projekta zikaja diapo. Ninyi mmezikuta, mnaziona kama chumvi. Sisi tulipanga viti kuzitazama. Ukurasa mzima wa mwanga ukutani, na ndani yake maneno machache tu.

Zikaja pia na sheria yake. Diapo iandikwe kwa Kifaransa, mistari minne au mitano, kwa kuwa wageni kutoka Kindu na mbali zaidi ndio wanaozikagua. Lakini wanaofundishwa, wakunga na wauguzi wa vijijini, wanasikia Kiswahili. Ndiyo maana wakufunzi wetu walijifunza upesi matumizi ya lile eneo la chini ya kila diapo, ambalo ukuta hauonyeshi na mwenye kusema peke yake ndiye analiona. Mashine inaliita commentaires. Sisi tuliita maelezo. Juu Kifaransa cha wageni, chini Kiswahili cha kazi. Mara ya kwanza kuona ukurasa huo nilicheka peke yangu: ulikuwa kitabu cha maalim wangu kabisa, isipokuwa pembeni pamehamia chini.

Hakuna aliyeijaza sehemu ile ya chini kama Mama Feza. Wengi wenu mnamjua akiwa mama wa kutulia. Mimi nilimjua akiingia ofisini kama mvua. Alikuwa mkunga miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi, mwana wa wakulima wa Kikristo wa hapa hapa Kasongo, lugha yake ya nyumbani Kizimba, na Kiswahili chake cha kila mahali. Diapo zake zilikuwa kama za wengine. Juu utasoma: Surveiller les saignements, yaani chunga damu inayotoka. Basi. Ukishuka chini unakuta hivi:

"Usimuulize mama kama damu ni nyingi. Atakuambia ni ya kawaida, zaidi kama mama mkwe wake yuko chumbani. Tazama kikwembe alicholalia. Kikilowa mpaka ukikikamua kinadondosha, usingoje mtu akupe ruhusa."

Aliandika kwa kidole kimoja, kwenye meza yangu, huku akila karanga. Hata mwezi wa Ramadhani alizila.

"Mama Feza, mimi nimefunga," nikamwambia.

"Najua, Maalim. Niko ninakuongezea thawabu."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mnaijua Salamabila. Watu wametoka kila upande kufuata dhahabu, Waislamu, Wakristo, na wengine ambao dini yao utaijua Jumapili wasipokwenda popote. Wanawake wanazaa kule kule, kwenye vituo vidogo, na gari la wagonjwa haliko. Msimu mmoja mama alitokwa damu baada ya kuzaa, huko huko upande wa Lusangi, akafa. Mkunga aliyekuwa naye, Mama Mwayuma, alifanya alichoweza. Baada ya maziko alituma maneno kwetu kupitia dereva wa pikipiki. Hakuomba dawa wala vitanda. Alisema: njooni mtufundishe hii ya damu, mimi na wenzangu, kabla haijatukuta tena. Mama Feza akajibu kwamba anakuja kabla mvua kubwa haijafunga barabara.

Kisha ugonjwa wa koo ukamshika yeye. Daktari alimkataza kutumia sauti, hata ya kunong'ona, kwa miezi. Mtu aliyekuwa akisikika kutoka sokoni akabaki na kibao cha watoto wa shule na kipande cha chaki.

Mkuu wetu alitaka kuahirisha. Mvua haikuwa na habari ya kuahirisha: barabara ikishakatika, wakunga wale wangekaa msimu mzima na mama wengine wakija kuzaa. Ikaamuliwa Furaha aende badala yake. Leo Furaha ndiye kiongozi wa mafunzo yenu, mnamwogopa kidogo, na ni vizuri. Wakati ule alikuwa muuguzi aliyeingia kazini karibuni, na alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Papa Sumaili, mi nitasema nini mbele ya wamama wale?"

"Mama Feza ameandika yote. Yako pale chini."

Yalikuwa pale chini kweli, lakini ndani ya faili nyingi, diapo baada ya diapo. Projekta haikuweza kwenda. Barabara ile ingeirudisha unga, na ukumbi wenyewe hauna umeme. Tulihitaji maelezo peke yake, kwenye karatasi. Ukiiambia mashine ichape kurasa za maelezo, inakupa picha kubwa ya diapo juu na maneno madogo chini, ukurasa kwa kila diapo, na wino wetu ulikuwa unaelekea mwisho bila tumaini la mwingine karibu. Nikaanza kunakili: fungua, shuka chini, chagua, nakili, bandika, panda juu, diapo ifuatayo. Shingo ikawa kama ya mti.

Hapo ndipo Zawadi aliposimama nyuma ya kiti changu. Zawadi mnamjua wote. Alikuwa amefika kutoka Uvira kushughulikia takwimu na mashine zetu, na ulimi wake ulifika siku moja kabla ya mizigo.

"Papa, uko unamaliza ziwa kwa kijiko?"

"Unayo ndoo?"

"Niko na pampu. Sogea."

Alibonyeza Alt pamoja na F11. Likafunguka dirisha jeupe lisilo na picha hata moja. Alisema hicho ni chumba cha nyuma cha programu, ambamo unaiandikia amri ikatende yenyewe yale uliyokuwa ukifanya kwa mkono, na mkusanyo huo wa amri ndio makro. Hakuniandikia. Alivuta kiti, akanitamkia, nikaandika mimi, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo, kwa kuwa kitu nilichokiandika kwa vidole vyangu hakinitoki kichwani.

Amri zilikuwa chache. Kwa kila diapo iliyo ndani ya faili, nenda kwenye ukurasa wake wa maelezo. Ukurasa huo una visanduku viwili: cha kwanza ni picha ndogo ya diapo, cha pili ndicho chenye maandishi. Chukua yaliyo ndani ya cha pili, yaandike kwenye faili jipya la maandishi matupu. Nenda diapo ifuatayo. Zikiisha, funga. Mkumbuke pia, maana nimewaona mkisahau: faili lenye makro linahifadhiwa kwa aina yake. Ukilihifadhi kama kawaida, makro inabaki nje ya mlango na hakuna atakayekuambia ilikokwenda.

Mashine ilitoa onyo kwamba makro zinaweza kuleta madhara. Nikamuuliza Zawadi kama ni kweli.

"Ni kweli, Papa. Sawa na sindano."

Nikasema bismillahi, yeye akafanya ishara ya msalaba, tukabonyeza F5. Ilikimbia kidogo, ikasimama na kulalamika. Zawadi alisoma lalamiko: kuna diapo haina kisanduku cha pili. Alishangaa, kwa sababu hata mtu asipoandika chochote, kisanduku huwa kipo, kitupu. Lakini muda ulikuwa mfupi. Akaniambia niongeze amri moja, kwamba ikikuta hakuna kisanduku, iruke iendelee. Ikaruka, ikaendelea, na kabla sijamaliza kufuta miwani, maneno yote ya Mama Feza yalikuwa kwenye faili moja. Niliyapanga na ukingo mpana. Nikachapa. Kifurushi chembamba, kizuri. Niliona kama nimeshika kitabu.

Kesho yake Furaha alifanya mazoezi mbele yetu, mimi na Zawadi tukiwa wakunga wa Salamabila. Alisoma vizuri, hofu ikawa inamtoka.

"Kondo la nyuma limetoka. Tazama kikwembe. Kimelowa, kinadondosha. Usingoje mtu akupe ruhusa." Akageuza karatasi. "Sasa tumshukuru Mungu, imesimama. Mpe mama chai ya sukari, umwekee mutoto kifuani."

Akarudi karatasi ya nyuma, akaja tena ya mbele.

"Papa. Imesimama namna gani?"

"Nini?"

"Damu. Hapa inatoka, hapa imesimama. Nani ameisimamisha?"

"Pengine karatasi moja imebaki ndani ya mashine," Zawadi akasema, lakini alikuwa tayari anafungua faili.

Hakuna karatasi iliyobaki. Kati ya maneno yale mawili kulikuwa na diapo kadhaa, kila moja na kichwa cha Kifaransa, mchoro wa tumbo na mchoro wa mikono, na chini hakuna kitu. Zile ndizo tulizoiambia makro iruke. Sehemu yote ya kumwokoa mama.

"Wewe si umesoma hiyo shuleni?" Zawadi akamuuliza Furaha, kwa upole, jambo ambalo kwake lilikuwa la nadra.

"Nimesoma. Waliuliza kwa mtihani, nikapata pointi zote. Lakini mikono yangu haijafanya hata mara moja kwa mama mwenye anatoka damu kweli. Mama Mwayuma ataniuliza, nikande kwa nguvu gani mpaka kizazi kikaze na damu isimame? Mi nitamujibu kwa pointi?"

Tulikwenda kwa Mama Feza hapo hapo. Tulimkuta nyuma ya nyumba anachambua sombe, majani ya mihogo. Zawadi aliinama, akamwonyesha kwenye ordinateri yake.

"Mama, hizi diapo hapa, ni wewe ulifuta kisanduku cha chini?"

Mama Feza aliinamisha kichwa kukubali, akachukua kibao. KILINIAMBIA BONYEZA UANDIKE. Akafuta kwa kiwiko. SIKUWA NA CHA KUANDIKA. Akafuta tena. HAPO SISEMI. NINAFANYA.

Zawadi aliniambia baadaye kwamba katika kazi yake yote hajaona mtu mwingine aliyefuta kisanduku kwa sababu kinamsumbua na mwaliko wake.

"Basi tuandikie sasa, Mama," Furaha akasema. "Hata maneno kidogo."

Akaandika KANDA TUMBO. Akatazama, akafuta. Akaandika KWA NGUVU. Akatazama muda mrefu zaidi, akafuta. Chaki ikabaki hewani. Kisha akaiweka chini, akaingia ndani, akatoka na ule mfuko wa kitambaa aliojishonea kwa kufundishia, uliojazwa pamba na kushonwa kama tumbo la mama aliyejifungua. Akauweka mezani juu ya majani ya sombe. Alishika mkono wa Furaha, akaukunja vidole, akauweka mahali pake, na kuweka mkono wake juu. Akasukuma. Furaha alitoa sauti kama aliyekanyagwa.

Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikamkumbuka maalim wangu. Udhu hakutufundisha kwa maneno. Aliketi na birika, akatawadha mbele yetu polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, kinywa kimefungwa, nasi tukatazama maji yanavyokwenda mpaka kwenye viwiko. Hata katika vitabu vyake, pale pembeni palipojaa maneno, kulikuwa na kurasa zenye nafasi nyeupe. Nimewahi kudhani kwamba mwandishi alichoka.

Furaha alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Tulipoondoka alikuwa anapata mara moja kati ya kadhaa, na sote tuliona kwamba haitoshi. Mama Feza aliona kabla yetu. Alichukua kibao akaandika neno moja: NAKUJA.

"Mama, barabara ile?" nikasema. "Na daktari?"

Aliandika upesi, akanigeuzia kibao. Ninawaandikia kama alivyoandika, Mungu atanisamehe: DAKTARI ALIKATAZA KOO. HAKUKATAZA MAKALIO.

Mchana ule tulirudi kwenye chumba cha nyuma cha programu. Zawadi akatamka, nikaandika: ikikuta hakuna kisanduku, isiruke; iandike namba ya diapo na kichwa chake, na chini yake iandike maneno. Tulikuwa tumemuuliza Mama Feza mlangoni ni maneno gani, naye akatuandikia kwenye kibao: HAPA MIKONO. NYAMAZENI.

Furaha alicheka mpaka machozi. "Mama mwenyewe haruhusiwi kusema, sasa anatunyamazisha sisi!"

Karatasi tulizifunga kwa plastiki, tukazitia ndani ya sufuria na kukaza kifuniko kwa kamba, kwa sababu mvua ya huku inajua kufungua zipu. Pikipiki zilikuwa tatu, ya Mama Feza, ya Furaha na yangu. Mama Feza alipanda na mfuko wake wa kitambaa mbele kifuani, na kila tulipopita watu walimwamkia kwa heshima ya mama mwenye mtoto mchanga. Tulilala Wamaza kwa familia ya wakulima waliotupa mihogo na samaki bila kuuliza tuna dini gani, na asubuhi tukaendelea, mara nyingine tukiwa juu ya pikipiki, mara nyingine pikipiki zikiwa juu yetu.

Salamabila tulipewa chumba cha kanisa. Mchungaji alinionyesha pembe safi ya kuswalia kabla sijafungua kinywa. Wakunga walikuwa wameshafika, wengine kwa miguu. Mama Mwayuma wa Lusangi alikaa mbele kabisa: mama mrefu, kilemba cha njano, uso uliofungwa. Alipoelezwa kwamba mkufunzi mkubwa hasemi, alimtazama Mama Feza toka juu hadi chini.

"Kumbe mmetuletea mwalimu asiyesema? Sawa. Huku tuko na wanaume wa dhahabu, wanasema toka asubuhi na hawafanyi kitu. Tujaribu na hii."

Chumba kizima kikacheka, na Mama Feza kuliko wote, bila sauti, mabega yakirukaruka.

Furaha akasoma. Sasa alikuwa na karatasi yenye namba na vichwa, na aliposema kikwembe kinadondosha, wamama walikuwa wanaitikia kama kanisani. Akageuza ukurasa.

"Hapa mikono," akasoma. "Nyamazeni."

Wakanyamaza kweli. Zilisikika pikipiki barabarani na mahali fulani nyundo za wavunja mawe. Mama Feza akauweka mfuko mezani, akakunja mikono ya blauzi, akafanya. Polepole mara ya kwanza. Mara ya pili kwa mwendo wake halisi. Kisha akanyoosha kidole kwa Mama Mwayuma.

Mama Mwayuma akaja, akaweka mikono, akakanda. Mama Feza akatikisa kichwa. Akauweka mkono wake juu ya ule wa Mama Mwayuma, kama alivyofanya kwa Furaha kwenye majani ya sombe, akasukuma kwa uzito wake wote. Meza ikalia. Akaendelea kusukuma, hakuachia. Niliona uso wa yule mama ukifunguka kidogo kidogo.

"Kumbe ni nguvu hivi," akasema. Hakuwa anasema na sisi. "Mi nilikuwa ninamukanda kama ninamubembeleza. Nilimuonea huruma. Nilikuwa ninaogopa kumuumiza."

Mama Feza hakuwa na sauti ya kumfariji, na nadhani Mungu alijua alichofanya. Alimwacha alie kidogo, kisha akamrudisha mikono mezani. Tena. Na tena, mpaka akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwa anayefuata.

Mvua ilipokwisha kuja na kukaa, dereva mmoja wa pikipiki aliingia ofisini na matope mpaka kifuani. Alikuwa na ujumbe, na ulimsumbua.

"Nimetumwa na Mama Mwayuma wa Lusangi. Amesema nimwambie Mama Feza: kilikaza, na mama yuko anakula. Njo hivyo tu. Nimeuliza kimekaza nini, akasema haikuhusu, wewe peleka. Sasa ni nini kilikaza?"

Mama Feza alikuwa kwenye meza yangu, karanga mkononi. Alichukua kibao, akakiweka chini tena bila kuandika. Akajifuta uso kwa pembe ya kikwembe, akampa dereva karanga zote.

Sauti yake ilirudi, si yote. Ni ile mnayoisikia, ya kukwaruza; mwenyewe anasema inafaa kwa kufukuza mbuzi. Zawadi aliisafisha makro mara nyingi tangu wakati ule. Ndiye aliyeifanya iandike mstari ule hata pale kisanduku kipo lakini kitupu, kwa sababu wakufunzi wengine wote wakiwa hawana maneno wanakiacha tu. Ndiyo maana unawatokea chini ya Merci. Dawa yake ni ndogo: andikeni neno la shukrani kwa Kiswahili chini ya ile Merci, na makro itanyamaza yenyewe. Lakini chini ya diapo nyingine, mkiuona, simameni. Ulizeni ni nani anayejua kufanya jambo hilo kwa mikono, na anakaa wapi. Kisha mtafuteni, angali anafungua mlango.

Siku yangu ya mwisho mliniandalia sherehe, na projekta, kwa heshima yangu, ikakataa kuwaka. Furaha akasoma diapo kutoka kwenye karatasi kama tulivyozoea. Alisoma juu ya koti langu la kuazima, juu ya kifuniko cha kitenge, juu ya ripoti zinazokula karatasi. Akafika kwenye diapo ya mwisho, yenye kichwa Asante Papa Sumaili.

"Hapa mikono," akasoma. "Nyamazeni."

Wachache wenu, wageni wakati ule, mlianza kucheka mkaona hakuna anayecheka. Zawadi alikuwa anatazama dari kana kwamba inavuja. Baadaye nilifungua faili nikaona: kisanduku hakikuachwa kitupu, kilikuwa kimefutwa kwa makusudi.

Waislamu mlifungua viganja, Wakristo mkaunganisha vyenu. Mimi sikujua nifanye nini na vyangu. Mama Feza akasogeza kiti, akaishika mikono yangu yote miwili, akaikaza kwa nguvu zile zile, na hakuna aliyesema neno mpaka alipoiachia.